Mchezaji Aliyetundika Daluga Anavyoweza Kuwa Kocha wa Viungo

Mchezaji wa kulipwa anapostaafu huwa amefanya mazoezi kwa miaka mingi kiasi kwamba ni rahisi kwake kuamini kuwa kazi ya kocha wa viungo tayari anaijua. Anachokijua kwa hakika ni mwili mmoja, yaani wake mwenyewe. Kazi anayoiendea inamtaka aelewe miili zaidi ya ishirini isiyofanana, na wengi hukwama kwa sababu huwapa wachezaji wao mazoezi yaliyowafaa wao walipokuwa uwanjani.

Kabla ya kujiandikisha chuoni, chukua daftari uandike historia ya mwili wako: kila jeraha, ulikuwa unafanya nini ulipoumia, ulikaa nje kwa muda gani na ulirudishwa kwa mazoezi gani. Kando ya kila zoezi andika sababu yake kama unaifahamu. Utaona nafasi nyingi zikibaki wazi, kwa kuwa mchezaji huambiwa afanye na mara chache huelezwa kwa nini. Nafasi hizo ndizo maswali utakayoingia nayo darasani, nazo zitakufanya usome kwa hamu kuliko mwanafunzi ambaye hajawahi kuchanika msuli.

Cheti cha kwanza kiwe cha huduma ya kwanza, kikijumuisha kukandamiza kifua na kutumia mashine ya kushtua moyo. Tarehe 12 Juni 2021, Christian Eriksen, mchezaji wa timu ya taifa ya Denmark, alianguka uwanjani mjini Copenhagen moyo wake ukiwa umesimama, na huduma hiyo iliyotolewa palepale ndiyo iliyomwokoa. Baada ya hapo tafuta shahada ya sayansi ya michezo. Kozi fupi za wikendi zina faida yake, lakini hazitoshi; unahitaji fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), biomekanika (nguvu na mijongeo ya mwili), lishe na takwimu, na hizo takwimu ndizo wachezaji wengi huzikimbia ilhali ndizo zitakazokutofautisha na mtu mwenye filimbi tu. Wapo waliotangulia katika njia hii: Jens Bangsbo alicheza soka katika ligi ya Denmark, akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, na ndiye aliyebuni jaribio la Yo-Yo linalopima uwezo wa mchezaji kurudia mbio kali baada ya mapumziko mafupi.

Ukiwa bado masomoni, anza kupima. Huhitaji vifaa vya gharama. Kama nusu saa baada ya mazoezi kumalizika, muulize kila mchezaji, akiwa peke yake, mazoezi yalikuwa magumu kiasi gani kwa alama za 0 hadi 10, kisha zidisha jibu lake kwa dakika alizofanya. Aliyesema 7 kwa mazoezi ya dakika 60 amebeba mzigo wa 420. Mwenzake aliyesema 4 amebeba 240, ingawa wote wawili walikimbia kati ya koni zilezile. Muulize peke yake kwa sababu akiwa mbele ya wenzake atataja namba ya kishujaa, jambo ambalo wewe uliyeishi katika chumba cha kubadilishia nguo unalijua kuliko mhadhiri yeyote. Ziandike namba hizo kila siku, na baada ya wiki chache utaanza kumwona mchezaji ambaye mazoezi yaleyale yanazidi kumwelemea hata kabla hajalalamika.

Katika kuzuia majeraha, anza na yale ambayo utafiti umeyathibitisha. FIFA 11+, programu ya kupasha mwili joto kabla ya mazoezi, huchukua dakika 20 hivi, nayo ina sehemu tatu: kukimbia polepole; mazoezi ya nguvu, kuruka na kusawazisha mwili; kisha mbio za kasi. Ndani yake limo zoezi linaloimarisha misuli ya nyuma ya paja, ambayo huumia mara nyingi sana katika soka. Mchezaji hupiga magoti, mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu, naye hujiachia kwenda mbele taratibu huku akijizuia kwa misuli hiyo mpaka aishiwe nguvu na kupokea ardhi kwa mikono. Anza na marudio machache, kwa kuwa maumivu ya siku zinazofuata ni makali kwa asiyezoea, na mchezaji aliyeumizwa na zoezi siku ya kwanza hatalirudia kwa moyo.

Nashauri mwaka wa kwanza wa kazi uwe na vijana, lakini usiwachukulie kama watu wazima wafupi. Kijana anayerefuka kwa haraka hupoteza uratibu wa viungo vyake kwa muda na huweza kupata maumivu chini ya goti, mahali ambapo kano hushikana na mfupa. Huyo mpunguzie kuruka na mbio kali, wala usimwite mvivu. Maumivu yasiyoisha mpeleke kwa daktari, maana kutambua ugonjwa si kazi yako.

Utakapoomba nafasi katika klabu, jina lako la uchezaji litakufungulia mlango. Mezani, weka rekodi ya wiki kumi na mbili za kikosi ulichokifundisha: mzigo wa kila siku, siku zilizopotea kwa majeraha, na pale ulipokosea makadirio pamoja na ulichobadilisha baadaye.