Chai ya Pu'er kwa Anayeanza: Kuichagua, Kuiandaa na Kuitunza

Pu'er hutoka jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, na hutengenezwa kwa majani mapana ya mchai yaliyoanikwa juani. Ziko aina mbili. Sheng hushindiliwa ikawa keki, kisha huachwa igeuke yenyewe kwa miaka. Ikiwa changa ni kali, chungu, na hukausha ulimi. Shu huvundikwa kwanza. Majani hurundikwa, hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa siku 45 hadi 60 hivi. Vijidudu hulipasha rundo joto hadi karibu nyuzi 60, na wafanyakazi huligeuza mara kwa mara ili katikati kusiungue. Viwanda vya Yunnan vilianza njia hii miaka ya 1970, kwa sababu wanywaji walitaka ladha ya chai kongwe bila kungoja miongo.

Anza na shu. Uchungu wake ni mdogo, na hata ukiichelewesha kwenye maji bado inanyweka. Nunua gramu 25 za aina tatu au nne kabla ya kufikiria keki nzima, ambayo kwa kawaida ni gramu 357. Shu iliyotoka kiwandani karibuni huwa na shombo la rundo. Ya miaka mitatu hadi mitano imeshapoa.

Usidanganyike na namba za kwenye karatasi inayofunika keki. Katika 7572, kwa mfano, 75 ni mwaka ambao mchanganyiko huo ulibuniwa (1975), 7 ni daraja la majani, na 2 ni kiwanda cha Menghai. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa mahali pengine. Na umri peke yake hausemi kitu: chai ya miaka 20 iliyolala kwenye ghala lenye unyevu mwingi haifui dafu mbele ya ya miaka mitano iliyotunzwa.

Kumega keki kunahitaji subira. Ingiza kisu chembamba ubavuni, kifuate tabaka za majani, kisha inua taratibu. Mkono ulioshika keki usikae mbele ya ncha. Ukichoma kutoka juu utapata vumbi, na vumbi hutoa rangi na uchungu wote kwa mkupuo mmoja.

Kwa gaiwan (kikombe chenye kifuniko) ya mililita 100, pima gramu 6. Mimina maji yanayochemka, hesabu hadi kumi, mwaga. Hayo ni ya kuosha na kulegeza majani. Mimina tena, ngoja sekunde 10, chuja yote kwenye jagi dogo, usibakize hata tone, kwa maana maji yaliyobaki huendelea kukamua uchungu. Raundi tatu za kwanza zinatosha sekunde 10 hadi 15. Baadaye ongeza kidogo kidogo. Shu nzuri hufika raundi ya nane na zaidi. Sheng changa ipe gramu 5, maji ya nyuzi 90 hadi 95, na sekunde tano tu. Huna gaiwan? Gramu 3 kwenye kikombe cha mililita 300, dakika tatu, uchuje. Maziwa na tangawizi viweke kando mpaka uijue ladha yenyewe.

Tazama kikombe kwenye mwanga. Shu iwe nyekundu iliyokoza kuelekea weusi, lakini angavu. Ikiwa na ukungukungu, huenda ni mpya mno au ina vumbi jingi. Ladha ya uchachu mara nyingi hutokana na rundo lililoharibika au unyevu wa ghala. Kuvu ya manyoya, ya kijani au nyeusi, haioshwi: tupa. Punje za manjano ndani ya matofali ya chai ya fu (aina nyingine ya chai ya kushindiliwa) kutoka Hunan ni jambo jingine. Hizo huoteshwa makusudi.

Hifadhi penye giza, unyevu wa asilimia 60 hadi 70, nyuzi 20 hadi 30, mbali na karafuu, udi na sabuni, kwa sababu chai hunyonya kila harufu. Friji haifai. Nairobi, penye ubaridi, sheng itakomaa polepole. Mombasa au Unguja hatari ni kuvu: tia keki kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na kipima unyevu, na kikipita 75 ifungue mahali pakavu. Msimu wa masika ikague kila wiki, hasa lile shimo lililo katikati ya keki upande wa chini, maana kuvu huweza kuanzia hapo.