Somo: Je, Bonde la Ufa linawatenga mbu wote sawasawa? Kulinganisha spishi mbili kwa data ya jenomu

Kutoka Kisumu hadi Kilifi, ukipima kwa rula kwenye ramani, ni karibu kilomita 690, na katikati limelala Bonde la Ufa. Tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba mbu wa malaria Anopheles gambiae wa magharibi mwa Kenya na wa Pwani wametofautiana kijeni, na Bonde likashukiwa. Sasa Anopheles funestus, anayelala kwenye kuta zile zile na kuuma watu wale wale, naye anatengwa vivyo hivyo?

Hatua ya 1: Hakikisha ni spishi gani. Gambiae na ndugu yake Anopheles arabiensis huwezi kuwatenganisha kwa macho, hata kwa hadubini. Kule Ahero kwenye mpunga, arabiensis ndiye aliyejaa. Wakiingia pamoja kwenye jedwali lako, utatangaza mpaka wa kijiografia kumbe umechanganya spishi mbili.

Hatua ya 2: Vituo, yaani mahali mbu walipokusanywa, vifanane. MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa jenomu na malaria, wana data ya wazi ya gambiae na funestus kutoka nchi nyingi za Afrika. Kabla ya kugusa jenomu (DNA yote ya mbu), soma jedwali la ukusanyaji: latitudo, longitudo, mwaka. Kituo chenye gambiae 80 na funestus 12, chukua 12 kwa 12. Inauma kutupa data, najua. Pia usiwe na Kisumu na Kilifi peke yake, maana hutajua kama kilichowatenga ni Bonde au ni umbali tu. Tafuta vituo vya upande mmoja vilivyoachana, kwa mfano magharibi mwa Kenya na Uganda.

Hatua ya 3: Chagua sehemu ya jenomu. Hapa ndipo nilipoaibika. Mchoro wangu wa kwanza wa PCA, ule unaowapanga mbu kwa kufanana kwao, ulitoa makundi matatu safi, yamejipanga kama mafungu ya nyanya pale soko la Kibuye. Nikaita wenzangu waje waone. Mmoja akauliza, "Mbona mbu wa kijiji kimoja wametapakaa kwenye mafungu yote matatu?" Kumbe nilikuwa natazama 2La, kipande kikubwa cha kromosomu ya 2 ambacho kwa baadhi ya mbu kimegeuka kichwa chini miguu juu. Kila mbu wa fungu moja ana nakala mbili zilizogeuka, wa jingine hana hata moja, na wa lile la katikati ana moja iliyogeuka na moja isiyogeuka. Jiografia haikuwemo kabisa.

Kwa gambiae, basi, tumia kromosomu ya 3. Lakini usihamishe namba hiyo kwa funestus! Yeye ana vipande vyake vilivyogeuka, na majina ya mikono (pande mbili za kila kromosomu, L na R) hayalingani: 2L ya gambiae ni 3R ya funestus.

Hatua ya 4: Chuja. SNP ni mahali pamoja kwenye jenomu ambapo mbu mmoja ana herufi ya DNA A na mwenzake ana G. Ondoa zenye data pungufu, ondoa zilizo nadra mno, punguza zinazorithiwa pamoja. Programu ya PLINK inafanya yote hayo. Vigezo viwe vile vile kwa spishi zote mbili.

Hatua ya 5: Chora. Kwa kila jozi ya vituo, kokotoa FST, kipimo cha tofauti ya kijeni kati ya makundi mawili (0 ni hakuna tofauti). Weka FST ÷ (1 − FST) kwenye mhimili wa wima na logi ya umbali kwenye ule wa mlalo. Pitisha mstari kwenye jozi za upande mmoja tu, kisha tazama jozi zinazovuka Bonde zimeangukia wapi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, laptopu yangu ina GB 8 na stima hupotea kila jioni. Nitaweza?*

Utaweza. Data ya MalariaGEN husomwa kwa lugha ya programu ya Python kupitia Google Colab, yaani kompyuta za Google za mtandaoni, kwa hiyo kazi nzito inafanyika kwao. Chukua mkono mmoja tu wa kromosomu, na uhifadhi matokeo kila hatua.

*Naweza kulinganisha mbu na omena?*

Kwa swali hili la Bonde, hapana; omena, dagaa wa Ziwa Victoria, hajafika Kilifi ila akiwa amekaushwa. Linganisha viumbe wanaogawana ramani moja. Ukitaka samaki, omena na fulu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo) wa Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, wanafaa. Ngege wa kisasa, yule niloticus, aliletwa ziwani na watu katika miaka ya 1950, kwa hiyo ramani yake ina alama za ndoo za watu.

*Tuseme FST ya funestus kuvuka Bonde ni 0.04 na ya gambiae 0.02. Si Bonde linamzuia funestus mara mbili zaidi?*

Hapo ndipo wengi huanguka. FST hupanda pia pale idadi ya wanaozaana ikiwa ndogo, hata kama ukuta ni ule ule. Mlinganishe funestus na funestus kwanza: jozi zake za kuvuka zimeruka juu ya mstari wake mwenyewe kwa kiasi gani? Fanya hivyo kwa gambiae, ndipo uweke miruko hiyo miwili kando kwa kando. Ikiwa funestus ana 0.04 hata kati ya vituo vya upande mmoja vilivyoachana umbali kama huo, Bonde halijafanya lolote.