Krampeti za Kiingereza kwa gesi tu, oveni wachana nayo

Mtu akisikia mkate wa Kiingereza anafikiria oveni, na oveni wengi hatuna, au tunayo lakini imeshageuka kabati ya kuweka masufuria. Basi leo nawapa mkate wa Waingereza ambao hauna shida na oveni kabisa, unaitwa krampeti. Ni mkate mdogo wa mviringo, unene kama vidole viwili, chini umekauka rangi ya kahawia na juu umejaa vitundu vitundu, na kazi ya hivyo vitundu ni moja tu, kunywa siagi. Ukijua kupika vibibi nusu ya kazi ushaimaliza, manake hata hapa ni rojo la kumimina linaumuliwa na hamira, linapikwa juu ya chuma. Ila huku ni ngano sio mchele, maziwa sio tui, na krampeti inapita motoni mara mbili, hio mara ya pili nitaifikia.

Sio chakula cha juzi. Elizabeth Raffald, mama mmoja alokuwa na duka lake Manchester, alitoa maelezo ya krampeti za chai mwaka 1769, lakini za zamani zilikuwa nyembamba, hizi laini zenye vitundu zilishika sana karne ya 19 enzi za Malkia Victoria. Na mpaka leo wanazila na chai ya saa kumi jioni, hapo wala hatutofautiani nao, saa kumi Mombasa nani hana kikombe mkononi?

Kwanza pete, bila pete rojo linatambaa chuma kizima. Unataka kipenyo cha kama senti 8 au 9 na kimo cha senti 3 hivi. Wengi wanakata makopo ya samaki juu na chini, sawa, lakini angalia mambo mawili: makopo mengi ya siku hizi chini yamezungushwa, kifunguo hakishiki, na mengine yana rangi nyeupe kwa ndani, hayo usiyaweke motoni kabisa. Mimi naona bora uende kwa fundi wa bati akukatie pete nne, na umwambie wazi atumie stenlesi, sio bati la kuezekea nyumba. Nne zinatosha, unapika kwa zamu. Na kama hata hilo ni usumbufu, mimina bila pete, zitatoka nyembamba na pembe zisizo sawa, na Waingereza wenyewe sehemu nyingi wanazipika hivo na kuziita paikleti.

Sasa vipimo, hivi vinatoa kama krampeti kumi na mbili. Unga wa ngano mweupe gramu 350, ambayo ni vikombe vitatu vya kupimia kasoro kidogo, ukipata ule wa mikate ni bora zaidi kwa sababu unavutika, lakini wa chapati pia unafanya. Maziwa mililita 350, maji mililita 150 na mengine kidogo ya akiba pembeni. Hamira ya chenga ndogo kijiko cha chai kimoja na nusu. Sukari kijiko cha chai kimoja, chumvi kijiko cha chai kimoja, beking soda nusu kijiko cha chai. Tafadhali nimesema beking soda, sio beking pauda, na magadi ya kuchemshia maharagwe ndo usiyaguse kabisa.

Maziwa yawe vuguvugu tu, ukitia kidole usisikie moto wala baridi. Msimu wa kaskazi maziwa yalokaa nje ya friji mpaka ubaridi ukaisha yanatosha vilevile bila kupashwa. Changanya unga, sukari na hamira, mimina maziwa yote, halafu upige. Nasema upige kweli kweli kwa mwiko dakika nne tano mpaka mkono uchoke na rojo livutike likifuata mwiko, watu wengi hapa wanafanya uvivu wanakoroga kama uji halafu wanalalamika vitundu havipo. Ule mvutano wa ngano ndo unashika hewa, bila huo hewa inapotea tu.

Funika na kitambaa uweke pembeni. Maelezo ya kule kwao yatakwambia saa nzima au zaidi, lakini yale ni ya jiko la nchi ya baridi, kwa joto letu hili dakika 30 mpaka 40 zinatosha na wakati mwingine hata hazifiki, kwa hivo usiangalie saa, angalia bakuli. Rojo litapanda, litajaa mapovu, alafu utaona katikati linaanza kushuka kidogo. Hapo ndo tayari. Ukiliacha mpaka lishuke kabisa na kunuka uchachu, hamira ishachoka na huna nguvu tena ya kusukuma vitundu.

Sasa chukua yale maji mililita 150 yakiwa vuguvugu, koroga ndani chumvi na beking soda, mimina kwenye rojo ukichanganya taratibu mpaka yaingie yote. Soda inakutana na ule uchachu wa hamira inatoa gesi nyingine juu ya ile ya mwanzo, ndo maana inatiwa mwisho. Na usizidishe ukidhani vitundu vitaongezeka, itakupa ladha ya sabuni. Liache tena dakika 15 au 20. Uzito unaoutaka ni wa maziwa ya mgando yalopigwa, linatoka kwenye upawa kwa uvivu lakini linatoka.

Chuma cha chapati ndo mwake, kile kizito. Kitelekee moto mdogo, kiache kipate joto vizuri, kipake mafuta kidogo sana na pete uzipake ndani vizuri sana kisha uziweke juu ya chuma nazo zipate moto. Anza na moja peke yake, hii ni ya kupima. Mimina mpaka kama nusu ya pete kisha usiguse. Baada ya dakika mbili tatu mapovu yataanza kupanda na kupasuka juu. Yakipanda lakini hayapasuki, rojo ni zito, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Likichuruzika chini ya pete ni jepesi, ongeza unga kidogo. Na chini ikiungua wakati juu bado mbichi basi moto ndo mkosaji.

Hapa pa moto nataka tuelewane. Moto unatoka chini tu, kwa hivo gesi inapanda kutoka chini kwenda juu na kuchimba njia yake ndani ya rojo, na vile vitundu unavyoviona juu ni midomo ya hizo njia. Lazima rojo likauke polepole kutoka chini likizifuata njia kabla hazijajifunga, na hio inachukua dakika nane mpaka kumi, haina mkato. Kwa wale tulozoea mkate wa kumimina, wa moto juu na chini, mkono utawasha kufunika. Usifunike. Ukifunika, mvuke unaivisha juu mapema na krampeti inatoka kipara.

Ikikauka juu yote, hakuna tena rojo linalong'aa, pitisha kisu pembeni utoe pete, igeuze dakika moja tu ipate rangi kidogo halafu itoe. Moto wa makaa unafaa pia lakini uwe umeshalegea, uanze kuvaa majivu.

Na usiile bado! Najua inanukia, lakini krampeti ya moja kwa moja kutoka chumani ndani inakuwa na unyevu inanata kwenye meno. Iache ipoe kabisa, halafu ukitaka kula uikaushe tena, kwa tosta au kwenye chuma hichohicho pande zote mbili mpaka pembeni zikauke kau. Hio ndo mara ya pili. Usiikate katikati, inaliwa nzima, siagi nyingi juu ikiwa bado moto mpaka ipenye chini na kuchafua sahani. Siagi ya kweli jamani, sio majarini. Juu yake kule kwao wanatia jemu, asali au hata jibini la kuyeyuka, mimi asali naona imezidi zote, na chai ya maziwa yenye iliki pembeni.

Zinazobaki usiziache mezani, kwa unyevu wa Mombasa siku mbili tu ushaona ukungu. Zikishapoa zitie mfukoni uweke freza, na asubuhi unazitoa zikiwa barafu hivohivo unaziweka kwenye chuma moto mdogo, hazihitaji kuyeyushwa kwanza.