AC kubwa na umeme wetu wa Mtwara na Lindi: namna ya kulinganisha volti kabla kompresa haijaungua

Wadau, hii naandika kwa uchungu kabisa. Kuna lodge moja huku Mtwara mwenyewe alinunua AC kubwa ya tani kumi (tani hapa ni nguvu ya kupoza, si uzito), mtumba, imeshuka na kontena kutoka Marekani, bei nzuri, mashine safi haina hata kutu. Fundi aliyeifunga aliona imeandikwa faza tatu, akasema freshi tu, faza tatu tunazo, akapiga waya akawasha. Nilipoitwa mimi kompresa (pampu ya gesi ndani ya AC) ilikuwa imeshakufa, nikafuta vumbi kwenye kibao nikakuta 208-230V, 3PH, 60Hz. Umeme wetu wa faza tatu ni volti 400. Yule mama alilipia mashine, usafiri na ufundi, na chumba cha mikutano bado kina joto.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kibao, kile kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mashine ya nje. Kisome kabla hujatoa hela, omba upigiwe picha hata kama muuzaji yuko Dar. Unatafuta vitu vitatu kwa pamoja: volti (V), faza (PH, nyaya za moto ni moja au tatu), na hezi (Hz, mizunguko ya umeme kwa sekunde). Watu wengi wanaangalia kimoja wanaridhika, na hapo ndo maafa yanapoanzia. Tanzania tuna volti 230 kati ya faza na nyutro, volti 400 kati ya faza na faza, na hezi 50. Mashine iliyoandikwa 220-240V 1PH 50Hz ni ya faza moja, inakaa vizuri. Iliyoandikwa 380-415V 3PH 50Hz ni ya faza tatu na inakaa vizuri pia. Ukiona 60Hz peke yake, simama hapo hapo.

Hii ya hezi naomba niifafanue maana inadanganya sana. Mota iliyotengenezwa kwa volti 230 na hezi 60, ukiipa volti 230 zile zile kwa hezi 50 inashiba sumaku kupita kiasi, inavuta ampia nyingi na inachemka, hata kama mita yako inaonyesha volti "sahihi". Hezi zikishuka volti nazo zinatakiwa zishuke kwa uwiano huo huo, yaani 230 mara 50 gawa kwa 60, unapata kama 192. Kwa hiyo hata yule mama angefunga transfoma ya kushusha 400 kwenda 230 bado asingekuwa salama, na transfoma haibadilishi hezi hata siku moja. Halafu feni na kompresa zinazunguka taratibu, kama asilimia 17 pungufu, kwa hiyo na ubaridi unapungua. Kuna mashine za 460V 60Hz ambazo kiwanda chenyewe kimeandika kwenye kibao kwamba zinakubali pia 380V 50Hz, hizo sawa, lakini iwe imeandikwa, usikubali maneno ya mdomo. Ushauri wangu kama haijaandikwa ni kuiacha hiyo mashine, hata iwe bei ya kutupa.

Ukishamalizana na kibao, pima umeme wa saiti. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), volti 400 haina msamaha. Usipime usiku tu watu wamelala ukaridhika. Pima asubuhi, pima mchana jua kali kila mtu kawasha AC, na kama transfoma yenu inahudumia na kiwanda cha kubangua korosho basi pima msimu wenyewe, kuanzia mwezi wa 10 mashine zikiwa zinaunguruma. Mashine nyingi zinavumilia kama asilimia 10 juu au chini ya volti zake, ila angalia kitabu cha mashine yako maana zingine uvumilivu wake ni mdogo kuliko huo.

Kwa faza tatu usiishie kuona tu kwamba zote tatu zipo, pima kila jozi. Tuseme umepata 402, 396 na 384. Jumlisha gawa kwa tatu, wastani ni 394. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 384, tofauti 10, gawa kwa 394 unapata kama asilimia 2.5. Inaonekana ndogo eeh? Viwanda vingi vya AC vinataka isizidi 2, kwa sababu volti zikipishana hivyo kidogo ampia zinapishana kwa asilimia kubwa zaidi mara kadhaa na koili moja ya kompresa inabeba mzigo wa wenzake. Mara nyingi chanzo kiko ndani kwako, taa na AC ndogo zote zimerundikwa faza moja, zigawanye upya. Ukigawa na bado zinapishana, ita TANESCO waangalie upande wao.

Sasa waya. Hapa ndo mahoteli yetu ya ufukweni yanapoumia, mita iko getini na mashine iko nyuma kabisa kule baharini. Chukua AC ya faza moja inayovuta ampia 20, umbali mita 50, waya wa kopa wa 2.5 (unene, milimita za mraba). Unapoteza kama volti 15 njiani, getini 230 kwenye mashine 215, bado inaenda. Lakini kompresa ikiwa inaanza, tuseme inavuta ampia 80 (kwenye kibao tafuta herufi LRA), unapoteza karibu volti 60, inabaki 170 tu, inaguna inashindwa kuanza, inakata, inajaribu tena, hivyo hivyo mpaka inaungua. Waya wa 10 umbali huo huo unapoteza kama volti 15 tu wakati wa kuanza. Waya mnene ni ghali najua, ila linganisha na bei ya kompresa. Na ndo maana pima kwenye terminali za mashine yenyewe ikiwa inafanya kazi, kupima kwenye DB (boksi la kugawia umeme) peke yake hakutoshi.

Kabla ya kuwasha fungua pia boksi la kontroli, utakuta katransfoma kadogo ka volti 24. Vingine vina nyaya za kuchagua, mfano 380 au 415, hamishia ile iliyo karibu na volti ulizopima. Ukiikosea kontakta (swichi ya sumaku inayowasha kompresa) inatetemeka na ncha zake zinaliwa.

Ukiwasha na kompresa ya skroli (aina ya kompresa inayobana gesi kwa kuzunguka) ikapiga kelele mbaya huku geji za gesi hazisogei, inazunguka kinyume. Zima haraka, badilishana nyaya mbili kati ya tatu. Funga rilei ya kulinda faza, inakata faza ikipotea, ikigeuka au volti zikishuka. Kila transfoma au jenereta ikibadilishwa, angalia mzunguko upya.

Na kwa nyie wa Shangani, Mikindani, Kilwa Masoko, chumvi inakula terminali, na terminali iliyolegea inapunguza volti sawa sawa na waya mwembamba. Zima umeme, kaza na safisha kila baada ya miezi mitatu, na namba ulizopima siku ya kwanza ziandike kwa maka peni ndani ya mlango wa boksi ili fundi atakayekuja baada yako awe na cha kulinganishia.