Kabla Hujanunua RAM, Fungua Kompyuta Kwanza

Niliwahi kuagiza RAM, yaani memori ya muda ya kompyuta, kutoka Kampala, ikaja Arua na basi la usiku. Asubuhi naipachika kwenye kompyuta ya mezani, haiingii. Mashine yangu inatumia RAM ya kizazi cha DDR4, mimi nimenunua ya DDR3. Muuzaji alikataa kuirudisha, na simlaumu sana, alinipa nilichoomba.

Kwanza jua kama RAM ndiyo inayokusumbua. Fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utazame grafu ya memori. Ikiwa imejaa karibu yote, ongeza RAM, hata kama diski nayo inahangaika, maana kompyuta iliyoishiwa memori huigeuza diski kuwa ghala lake. Lakini memori ikiwa na nafasi tele huku diski ya zamani, ile ya kuzunguka, iko asilimia 100, pesa yako ipeleke kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Tazama pia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo kwa kawaida haivuki GB 4, hata uipachikie 16.

Halafu fungua kasha. Usingoje kipande cha RAM kifike. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, ndipo utoe skrubu za ubavuni. Vumbi letu hili jekundu utalikuta limelala humo kama unga. Lifagie taratibu kwa brashi laini iliyo kavu, usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kingine chochote, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaua RAM bila hata wewe kuuhisi.

Soma kibandiko cha kipande kilichomo. Changu kimeandikwa 8GB PC4-2400. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Ukiona PC3L, hiyo L inamaanisha volti 1.35 badala ya 1.5. Kipige picha, mtumie muuzaji kwa WhatsApp. Mkibishana baadaye, picha ipo. Angalia na ule mkato mdogo kwenye meno ya shaba: kila kizazi kina wake mahali pake, ndiyo maana changu kiligoma. Kikigoma, usikilazimishe. Laptopu hutumia vipande vifupi, na nyingi za zile nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hapo hakuna cha kuongeza.

Hesabu nafasi zilizo wazi, na utafute kwa namba ya modeli kiwango cha juu ambacho bodi inakubali. Mafaili muhimu nakili kwenye flashi.

Siku ya kupachika, sukuma ncha zote mbili mpaka vishikizo vilie ka! Skrini ikibaki nyeusi, subiri kidogo, kisha zima, chomoa waya tena, kitoe kipande ukirudishe upya. Cha zamani usikiuze wiki hiyo: kompyuta ikiwaka na cha zamani peke yake na kukataa na kipya, umeshajua pa kuanzia.