Jinsi ya kulinganisha poda za bei kubwa kabla hujatoa hela

Jumamosi nilikaa na mtoto wa mama yangu mdogo, anayejiandaa na sendofu. Mezani tulikuwa na fandesheni tatu za unga, zile zilizoshindiliwa kwenye kikopo chenye kioo: Studio Fix ya kampuni ya MAC na nyingine ya kampuni ya Fenty, zote kutoka kwenye sanduku langu la kazi, na Dual Finish ya Lancôme aliyoazima kwa rafiki yake. Ana ngozi ya mafuta, na hela yake inatosha moja tu. Nimewapamba maharusi wengi hapa Dar, na hivi ndivyo ninavyolinganisha.

Hatua ya 1: Uso

Osha, paka losheni yako ya kila siku, subiri ngozi iinywe.

Hatua ya 2: Poda zenyewe

Poda iliyotumika hujenga utando unaong'aa juu, kwa sababu sponji hurudisha mafuta ya uso kwenye kikopo. Ukiilinganisha hivyo na mpya utasema haishiki. Bandika selotepu juu yake taratibu, ibandue, utando utatoka nayo. Ya kwangu ya Fenty ilikuwa hivyo.

Hatua ya 3: Rangi

Usichukue namba ya kampuni moja ukaipeleka kwa nyingine. Kwa MAC, namba ikipanda rangi inakolea, ila herufi zinawapoteza wengi: NC ni ya ngozi yenye unjano au udhahabu ndani yake, NW ni ya ngozi inayoelekea kwenye wekundu. Mdogo wangu ni maji ya kunde yenye unjano, kwa hiyo tulianza na NC45.

Chora mistari mitatu kutoka kwenye taya kushuka shingoni. Mkono hausemi ukweli, una rangi yake. Tumia brashi safi kwa kila poda. Sponji inabana unga mwingi mno kwa kazi hii.

Hatua ya 4: Subiri kwa muda wa saa nne

Hapa ndipo nilipoumia. Kuna bibi harusi niliyemnunulia poda dukani chini ya taa nyeupe, ikamkaa kama ngozi yake. Kufika wakati wa kukata keki, paji la uso na pua vilikuwa vimegeuka rangi ya machungwa iliyokolea, shingo ikabaki na rangi yake. Nilimfutia nyuma ya ukumbi huku mama yake akinishikia tochi ya simu, na ile aibu sijaisahau.

Fikiria mchanga wa pwani. Ukiwa mkavu unaonekana mweupe, wimbi likipita unakuwa kahawia, na mchanga ni uleule. Poda nayo hunywa mafuta ya ngozi, nafasi kati ya chembe zinajaa, na rangi inakolea. Kwa hiyo rangi ya kuichagua ni ile utakayoiona baada ya mafuta kutoka.

Tulipaka saa tatu asubuhi, tukatazama saa saba mchana. Katikati usikae kwenye kiyoyozi. Nenda sokoni, panda daladala, pika. Usibadilishe losheni siku hiyo, na kama huwa unapaka ya kuzuia jua, ipake. Usifute jasho kwa kusugua, gandamiza tishu tu. Kisha simama mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kivulini, ushike kioo. Imekolea? Imepauka kama majivu? Imejikusanya kwenye mikunjo ya kucheka? Iliyokolea kidogo, jaribu rangi moja chini yake siku nyingine, tena kwa saa nne zilezile. Iliyopauka achana nayo, kuongeza poda hakutaiponya. Mwenye ngozi kavu asishuke rangi, kwake haibadiliki sana, ila aangalie mikunjo na pembe za pua.

Hatua ya 5: Flashi

Piga picha usiku, taa zimezimwa, flashi imewashwa. Poda yenye madini ya kuzuia jua, titani au zinki, inaweza kurudisha mwanga na kukuacha na uso mweupe.

Hatua ya 6: Bei

Gawa bei kwa gramu zilizoandikwa kwenye kikopo. Studio Fix ina gramu 15. Angalia pia alama ya kikopo kilichofunuliwa: 24M maana yake miezi 24 tangu ukifungue.

Kwa ngozi ya mafuta kwenye joto letu, mimi naegemea Studio Fix, inafunika na haing'ai. Dual Finish naipenda kwa anayetaka kuongeza ufunikaji, kwani inapakwa kavu na pia kwa sponji yenye unyevu. Mdogo wangu kachukua Studio Fix, tena ileile NC45, maana saa saba bado ilikuwa imelingana na shingo. Sponji yake nimemwambia aifue kila Jumapili kwa sabuni ya kipande na aianike mpaka ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kikoponi.