Somo: Kugawa kazi saiti ili mafundi wasikae wakikusubiri

Habari za kazi wakuu. Nasimamia ujenzi wa nyumba za kawaida, mara nyingi saiti tatu kwa mpigo. Ninachoandika hapa kilinigharimu siku nzima ya watu wanane. Nilikuwa foleni benki, simu nimezima, na fundi anatafuta jibu moja tu: dirisha la jikoni lianzie juu ya kozi (mstari wa tofali) ya nne au ya tano? Nilipofika saa saba mchana niliwakuta wamekaa kivulini, mchanganyiko umeshakauka kwenye karai. Kazi nilikuwa nimeigawa vizuri: huyu anajenga, huyu anakoroga, huyu anabeba. Maamuzi ndiyo sikuyagawa, yote nilikuwa natembea nayo kichwani.

Hatua ya 1: Sema kazi inaishia wapi, na kwa nini

"Endeleeni na ukuta" si maagizo. Andika hivi: "Ijumaa jioni kuta zote ziwe kozi ya tisa. Dirisha la jikoni lianze juu ya kozi ya tano, ya vyumbani juu ya kozi ya nne." Halafu toa sababu: chini ya dirisha la jikoni kutakaa sinki na kaunta, na kaunta hufika kama sentimita 90. Fundi akishaijua sababu, siku ramani ikikosa kipimo hatabahatisha.

Hatua ya 2: Panga ukianzia mwisho

Tuseme zege la lenta, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya madirisha na milango, ni Jumamosi. Rudi nyuma: boksi (mbao za kushikilia zege) liwe limekazwa, nondo zimefungwa, fundi umeme ameshapitisha mabomba yake. Mkabidhi kila mmoja namba ya anayemfuata, waongee wenyewe. Fundi nondo akimaliza ampigie fundi umeme, asinipigie mimi ili nami nimpigie mwenzake.

Hatua ya 3: Gawa maamuzi mafungu matatu

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kaa napo. Keti na fundi mkuu mpange pamoja, usimletee orodha iliyokwisha.

Fungu la kwanza ni la kuamua mwenyewe bila kuniuliza: nani aanze wapi, kumbadilisha saidia fundi aliyechelewa, kusimamisha kazi mvua ikianza, kurudia kozi iliyopinda.

La pili, amua kisha nijulishe jioni. Mfano kununua misumari au waya wa kufungia nondo ikipungua, au kusogeza kazi siku moja.

La tatu, usiguse mpaka tuongee: kupunguza nondo, kubadili unene wa nondo, kuhamisha mlango, kubadili vipimo vya zege. Kwangu zege la lenta ni 1:2:4, yaani ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na maji yasizidi lita 30 kwa mfuko wa kilo 50. Vibarua hupenda kuongeza maji ili zege liwe jepesi kusukuma, na kila ndoo ya ziada inalidhoofisha. Kwa hiyo hilo si la kuamuliwa saiti, hata jua liwe kali vipi.

Fungu la tatu likiwa refu kuliko la kwanza, bado hujagawa kitu.

Hatua ya 4: Mpe na vitu vya kufanyia kazi

Mtu mwenye ruhusa bila ufunguo wa stoo bado anakusubiri. Acha ufunguo, daftari la saruji iliyoingia na iliyotoka, na pesa kidogo ya dharura.

Hatua ya 5: Kagua kabla hakijafunikwa

Sikagui kila kitu. Nakagua kile ambacho kesho hakitaonekana: msingi kabla ya zege, nondo na mabomba kabla ya lenta, mabomba ya maji kabla ya plasta. Vituo hivyo tunavitaja mapema kwa tarehe. Siku nyingine ni simu moja saa 11 jioni na picha, futi kamba ikiwa imewekwa kwenye kipimo.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, fundi wangu ni hodari lakini hasomi. Hayo maandishi atayafanyia nini?
Chukua ubao mrefu ulionyooka, weka alama ya kila kozi, kisha paka rangi nyekundu pale dirisha linapoanzia na bluu kwenye usawa wa lenta. Anausimamisha ukutani anaona mwenyewe. Hata wanaosoma siku hizi nawapa ubao huo.

Nikimwachia pesa si ataila?
Anza na kiasi ambacho kikipotea hakitakuumiza. Risiti zibandikwe kwenye daftari, na usiongeze nyingine mpaka ya kwanza imekaguliwa. Mimi hulinganisha pia mifuko mitupu ya saruji na kazi iliyofanyika.

Akikosea kwenye jambo ulilomruhusu aamue, nani analipa?
Mimi. Ukimkata pesa kwa uamuzi uliomruhusu, kesho yake ataanza kukupigia hata kwa msumari. Akivuka kwenye fungu la tatu, hapo gharama ni yake, na tulikubaliana tangu siku ya kwanza.

Niko Muscat, najenga Tanga. Kaka yangu anasimamia, lakini fundi ananipigia mimi moja kwa moja.
Kwa sababu unamjibu, dada. Mara nyingine akipiga mwambie, "Muulize kaka, neno lake ndilo langu," ukate. Kisha mpigie kaka yako mpange yale mafungu matatu. Kama lenta haijamwagwa, anzeni na hiyo: aipige picha pande zote nondo zikiwa wazi. Ikishamwagwa, mbao za pembeni zinaweza kufunguliwa kesho yake, lakini za chini na nguzo zake zisiguswe kabla ya siku 14. Tarehe hiyo iandikwe kwa chaki kwenye nguzo yenyewe.